Mahari ya Daktari wa Ng'ombe

Samuye nzima hakuna anayeijua Bulgaria kama ninavyoijua mimi. Mwenyewe sijafika mbali kupita Tabora, na huko Tabora nilipelekwa kutibiwa jicho, nikarudi na jicho lile lile. Lakini barua za Melania wa Bujiku zilisomwa uwanjani kwa sauti, na masikio ninayo mazima yote mawili. Yaliyobaki alinihadithia mwenyewe akiwa bado ana hasira, na mtu mwenye hasira hasahau kitu.

Melania aliondoka mwaka sabini na tatu, serikali ilipompeleka kusomea udaktari wa mifugo. Siku hiyo baba yake, Mzee Bujiku, alivaa koti lake la Krismasi mwezi wa tisa, jua likiwaka, akazunguka kijiji kizima akiagana na watu kana kwamba anayesafiri ni yeye. Mama yake, Paskazia, hakuzunguka. Alimfungia bintiye michembe katika kitambaa, akamwambia, "Viazi vikikaushwa haviozi. Na wewe usiniozee huko."

Mwaka wa kwanza walimweka Sofia ajifunze lugha. Hapo ndipo alipokaribia kupasuka tumbo. Watu wa kule wana ajabu yao: ukitikisa kichwa kushoto na kulia, maana yake ndiyo. Mama wa jikoni alikuwa akimwuliza kama aongezewe supu, Melania anatikisa kichwa kwa adabu zote za Kisukuma, kwamba hapana, ameshiba. Mama yule anajaza bakuli. Melania anatikisa zaidi. Anajaziwa zaidi. Mwezi mzima alikula hivyo, akidhani ni ukarimu.

Kisha wakampeleka Stara Zagora, kwenye chuo cha mifugo, katika mji wenye mitaa iliyonyooka kama matuta ya mtu mwenye jembe la kukokotwa. Alilala ghorofa ya nne, chumba kimoja na Zuwena, binti wa mwuza vitenge wa Geita, ambaye yeye alisomea kuku. Zuwena alikuwa mcheshi, mwenye sala tano na utani sita. Alisema hakuvuka bahari zote hizo ili aje kutazama kuku kwa nyuma, lakini aliyeandika majina wizarani hakumwuliza.

Saa kumi na moja alfajiri, wa zamu walishuka kwenda bandani. Theluji mpaka shavu la mguu, pua haipo, masikio hayapo. Bandani kulikuwa na joto la ng'ombe, na harufu ile ile ya zizi la kwao, na Melania alisema pale mlangoni ndipo alipokuwa akifika nyumbani kila siku kwa dakika mbili. Halafu kazi. Kukamua, kupima joto la ng'ombe, na kipimajoto cha ng'ombe hakiwekwi kwapani, mnajua wenyewe kinakowekwa. Saa mbili darasani, kukariri mifupa kwa Kilatini. Kilatini hakikumsumbua. Alikua akisikia misa ya padre kwa Kilatini, tofauti ni kwamba sasa alielewa.

Jioni walipika. Unga wa mahindi ulikuwapo dukani, na mtindi wa kule ni mgando hasa, ungemwekea mzee wa Samuye kwenye kibuyu asingejua. Wakisonga ugali, wakiula kwa mtindi, michembe ikichemka pembeni, Zuwena alikuwa akisema, "Ukifumba macho uko kwenu. Ukifumbua, dirishani barafu."

Na kila usiku kabla ya kulala Melania alifungua daftari lenye jalada la buluu. Humo hakuandika mashairi ya mapenzi. Aliandika mipango. Gari moja la kupita porini, lenye friji ndogo ya dawa. Wasaidizi wawili wanaojua kupiga sindano. Kituo kimoja Geita, kimoja upande wa Kahama. Na adui mmoja tu: ndorobo, yule nzi wa porini auaye ng'ombe.

Alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake mkubwa alihamia pori la Geita kutafuta malisho na ng'ombe arobaini. Akarudi na fimbo. Hakuna mtu nyumbani aliyesahau jinsi mzee yule alivyoingia uwanjani mkono mmoja mtupu, mwingine umeshika fimbo ya kuchungia hewa. Bujiku mwenyewe alilia siku ile. Kumbukeni kwamba alilia, maana huko mbele mtashangaa.

Sasa, kitabu kikubwa cha magonjwa ya ng'ombe, kinene kuliko tofali, kilikuwa na nusu ukurasa juu ya ndorobo. Nusu. Melania alisimama darasani, mwanamke mweusi peke yake kati ya vijana thelathini, akamwuliza mwalimu wake, Dokta Penka, "Mbona nusu ukurasa?"

"Hapa hatuna nzi huyo, mwanangu," Dokta Penka alijibu.

"Na mimi sikuja kukaa hapa!"

Dokta Penka alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya kukamulia, hakukasirika. Wiki ile ile alitoka stoo na sanduku la vioo vya zamani vyenye damu iliyokauka, akamkalisha mbele ya darubini. Melania akamwona kwa mara ya kwanza: mdudu kama uzi, amejipinda katikati ya chembe za damu. Akamtazama kwa muda mrefu. "Kumbe wewe," alisema kwa Kisukuma, "ndiye uliyekula ng'ombe wa baba mkubwa."

Tangu hapo alimsoma mdudu yule kama anavyosomwa mke mwenza. Jinsi tezi za shingo zinavyovimba, macho yanavyotiririka, manyoya yanavyosimama, ufizi unavyokuwa mweupe kama chaki. Jinsi ng'ombe anavyokula na bado anakonda.

Miaka ikaenda. Mwaka sabini na sita, mwezi wa tano, zikaja barua mbili siku moja.

Ya kwanza ilitoka kwa baba yake, kwa mwandiko wa katekista. "Mama yako anaumwa sana. Hali si nzuri. Tumesikia serikali itakupa tiketi ya likizo. Njoo, na uje na virago vyako vyote."

Ya pili ilikuwa ya Zuwena, kutoka kwa kaka yake Abdu, aliyekuwa na duka la vitenge Geita. Zuwena aliisoma kimya, kisha akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Mwenzangu, umeolewa lini bila kunilisha pilau?"

"Nani kaolewa?"

"Sikiliza. 'Hapa mjini yuko mnunuzi wa dhahabu, jina lake Theonest, ana wake wawili na meno matatu ya dhahabu. Anatamba kila kijiwe kwamba wa tatu ni daktari, yuko Bulgaria, wa kwao Samuye, na kwamba mwezi wa nne amekwisha kuswaga ng'ombe ishirini na wanne kwa baba mtu. Mwulize rafiki yako kama anamjua huyo daktari.'" Zuwena alikunja barua. "Samuye kuna madaktari wangapi?"

Melania alikuwa anasonga ugali. Alisonga, akasonga, sufuria ikawa inaruka juu ya jiko, mpaka mwiko ukavunjika katikati.

"Virago vyote," alisema mwishowe. "Mama akiwa mgonjwa, virago vyangu vitamsaidia nini? Nitamfunika navyo?"

"Usiende basi."

"Na kama ni kweli anaumwa?"

Hapo ndipo mzee alipomshika, na alijua anaposhika. Kuna uongo wa kumlaghai mtu, na kuna uongo wa kumlaghai mtoto kwa kumtumia mama yake. Huu wa pili hata shetani anaufungia dirisha. Melania alikuwa amebakiwa na miaka miwili kumaliza. Akirudi nyumbani na asirudi chuoni, daftari la buluu litakuwa karatasi ya kufungia karanga. Alijua hilo. Akaacha virago vyote kwa Zuwena, akapanda ndege na mfuko mmoja.

Mtu wa kwanza aliyemkuta njiani, kabla hata ya kuona paa la kwao, alikuwa mwanamke aliyebeba kichwani gunia la pamba kubwa kuliko yeye, anakwenda nalo ghala la ushirika kwa mwendo wa kushindana.

"Shikamoo," Melania alisema, akipisha.

"Marahaba. Yesu wangu! Melania!" Gunia likashuka, pamba ikaruka. Alikuwa ni mama yake.

"Mama! Unaumwa nini?"

"Naumwa? Nani kasema?"

"Baba kaandika unakufa."

Paskazia alimtazama bintiye, kisha akatazama upande wa nyumbani, na uso wake ukafunga kama mlango. "Nisaidie gunia," alisema. "Tukalipime kwanza. Kama ninakufa, nife nikiwa nimepima pamba yangu."

Mzee Bujiku alimpokea kwa machozi. Akachinja jogoo. Alipoulizwa habari ya ugonjwa akasema, "Ulikuwa ugonjwa wa ndani, wa siri. Hata mwenyewe hakujua anao. Umepona juzi." Halafu akasema, kwa sauti ya baba anayejali, "Nipe hiyo pasipoti na tiketi nikuwekee kwenye sanduku la bati. Humu ndani kuna mchwa hatari."

Melania, kwa uchovu wa safari na jogoo tumboni, akampa. Alijilaumu kwa jambo hilo maisha yake yote. Kesho yake alipoziomba, ufunguo haukuonekana. Keshokutwa, ufunguo uliibwa na panya. Siku ya nne mzee akatoa la moyoni, ila si lote.

"Mwanangu, miaka mitatu si umesoma? Ng'ombe ni ng'ombe. Ana miguu minne, ana mkia. Wanakufundisha nini kingine miaka miwili?"

"Baba, umepokea ng'ombe wa Theonest?"

"Theonest ndiye nani?"

"Wa Geita. Wa meno ya dhahabu."

"Tazama zizini." Mzee alinyoosha mkono kwa madaha. "Hesabu. Waliokuwapo unaondoka ndio hao hao, na ndama wao. Kama kuna mgeni, mwonyeshe!"

Melania alihesabu. Kweli, hapakuwa na mgeni. Alimjua kila mmoja kwa rangi na kwa mama yake. Akabaki amesimama katikati ya zizi, hasira imemjaa mpaka kooni na hana pa kuitemea. Mama yake alikuwa ameegemea nguzo ya boma, anamtazama mumewe kama mtu anayepima gunia lenye mawe ndani. Kama mahari ilikuwa imepokelewa, basi imepokelewa bila mama kujua, bila wajomba kujua, na kwa Wasukuma mahari ya binti ina mafungu ya watu wengi. Mzee alikuwa amewala wote.

Treni ya kwenda Dar ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ndege ilikuwa Jumamosi. Asipoipanda hiyo, hakuna nyingine.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, baba yake akiwa mjini, akaja mtu kwa baiskeli. Jina lake Mageni, mfugaji wa ng'ambo ya mto, mrefu, mkavu, mwenye sifa moja kubwa: hajawahi kusema uongo, na kwa hiyo hana marafiki wengi.

"Ng'wana Bujiku," alimwita, yaani mtoto wa Bujiku, "nimesikia umekuja na elimu ya ng'ombe. Ninaye mmoja, anakula na anakonda. Njoo umtazame."

Anakula na anakonda. Melania alichukua mfuko wake bila hata kubadili gauni la kanisani.

Zizini kwa Mageni alimkuta ng'ombe mwekundu, pembe zimeinama, amesimama peke yake kama mtu aliyefiwa. Macho yanatiririka. Manyoya yamesimama. Melania akapapasa shingo: tezi. Akafunua mdomo: ufizi mweupe. Miaka mitatu alikuwa amemtazama adui huyu kwenye kioo kikavu. Leo yuko mbele yake, na anapumua.

"Mzee Mageni, ng'ombe huyu umemtoa wapi?"

"Anakaa hapa hapa kwangu."

"Hapa Samuye kuna ndorobo?"

"Pori lilikwisha kufyekwa tangu enzi za babu yangu. Ndorobo atoke wapi?"

"Basi huyu hajazaliwa hapa, wala hakukulia hapa. Huyu kapita pori la nzi, miezi mitatu minne nyuma. Katoka upande wa Geita."

Mageni akakuna kidevu. Kusema uongo hawezi, na kusema kweli amekatazwa. "Si wangu," alisema. "Nimewekewa."

Hapo lazima niseme kidogo kwa ajili ya wasio na ng'ombe. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Huwaweka wengine kwa rafiki mbali. Rafiki anakunywa maziwa na kutumia samadi, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hawafi wote. Na mtu akitaka kuwaficha wake, au shemeji, au mtoza ushuru, mlango ni huo huo.

"Umewekewa na nani?"

"Mwanangu, ng'ombe wa kuwekwa, akiwa mzima, hana jina la mwenyewe. Nikilisema, kesho nani ataniamini?"

"Na akifa?"

"Akifa ni jambo lingine. Akifa namchuna siku ile ile, napeleka ngozi kwa mwenyewe mbele ya watu, waone sikumwuza. Hata kama mwenyewe yuko kwenye harusi ya askofu, ngozi naipeleka. Ndiyo heshima ya kazi hii."

Melania alitazama zizi zima. "Umewekewa wangapi wa namna hii?"

"Ishirini na wanne. Tangu mwezi wa nne."

Inasemekana Melania alicheka. Mimi nasema hakucheka, nimemwuliza. Alisema alihisi kichwa kimekuwa chepesi, kama siku ile ya kwanza ya theluji. Miaka mitatu ya baridi, mifupa ya Kilatini, kipimajoto, nusu ukurasa, daftari la buluu. Na mgonjwa wake wa kwanza kabisa katika ardhi ya kwao ni mahari yake mwenyewe. Kauzwa kwa ng'ombe wagonjwa. Na kauzwa na mtu aliyelia uwanjani akimwona kaka yake ametoka Geita na fimbo!

Jumatatu alfajiri alikwenda ofisi ya mifugo mjini, akagombana na karani aliyemwuliza kama daktari mwenyewe yuko wapi, akatoka na dawa. Akapiga sindano ng'ombe wote ishirini na wanne, Mageni akiwashika pembe. Alikuwa na hasira na kila mwanadamu katika jambo hilo, lakini ng'ombe hawakumkosea kitu. Alipomfikia yule mwekundu alimpiga sindano pia, akampapasa paji la uso.

"Huyu tumechelewa," alimwambia Mageni. "Jumatano jioni haioni."

"Una hakika?"

"Hiki ndicho nilichokwenda kusomea."

Akaondoka pale moja kwa moja hadi kwa Donatus, balozi wa nyumba kumi. Donatus alikuwa mtu wa haki, ila mzito wa kuamka. Melania akamwambia anataka kikao na baba yake, juu ya pasipoti, Jumatano asubuhi. Akamtumia habari na mjomba wake Valerian, kaka wa mama, mwenye fungu lake katika mahari na sauti ya kulidai.

Jumatano walikaa uwanjani. Mzee Bujiku alikuja na koti la Krismasi. Melania alitazama njia ya mtoni: hakuna mtu. Akaongeza chai. Donatus akafungua kikao, mjomba Valerian akazungumza, Melania akamwomba azungumze tena kwa kuwa kuna waliochelewa. Njia ya mtoni tupu. Paskazia akaleta matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akamkaribisha mumewe ale taratibu, asipaliwe.

Jua likapanda. Donatus akaanza kusinzia, akashtuka.

"Bujiku, kwa nini humpi mtoto hati zake?"

"Ndugu Balozi," mzee alisimama, "mimi ni baba. Mama yake ni mgonjwa—"

"Mgonjwa huyu ndiye aliyepika unachokula," alisema Paskazia.

Watu wakacheka. Mzee akapanda sauti. "Mtoto akikaa Ulaya sana anapotea! Nataka abaki kwa mapenzi tu. Maneno ya mahari ni ya wivu. Wanasema nimekula ng'ombe wa mtu wa Geita. Mimi! Kaka yangu alimalizwa na ng'ombe wa Geita, nani asiyejua? Naweza kuingiza balaa lile hapa?"

"Kwa hiyo hujapokea?" Valerian aliuliza.

"Hata mkia sijaushika."

"Rudia, Baba," alisema Melania. Sauti yake ilikuwa ya chini, na waliokuwapo wanasema ilitisha kuliko kelele. "Rudia balozi asikie vizuri."

"Mbele ya Mungu na mbele ya balozi: ng'ombe wa Theonest, hata mkia wake sijaushika!"

Na hapo kengele ya baiskeli ikalia.

Mageni alikuwa anaikokota, jasho linamtoka, na nyuma kwenye kiti cha mizigo ilikuwa ngozi mbichi, nyekundu, imekunjwa, mkia unaburuza mchanga na nzi wanaufuata. Alisimamisha baiskeli mbele ya wazee, akavua kofia.

"Mwangaluka, wazee. Samahani kuingilia kikao, lakini desturi haisubiri." Akaishusha ngozi miguuni kwa Mzee Bujiku, akaikunjua ili kila mtu aone. "Mwenzangu Bujiku, pole. Yule mwekundu wa pembe za kuinama uliyeniletea mwezi wa nne, kafa alfajiri. Ngozi yako hii. Sikumwuza. Nyama vijana wataileta."

Waliokaa nyuma wakasimama waone.

"Mageni," mzee alisema, midomo haifunguki vizuri, "umekosea nyumba."

"Nimekosea nyumba?" Mageni alishangaa kweli kweli. "Si wewe uliyenileta mpaka ndani hapa kunionyesha ukutani fimbo ya marehemu kaka yako, ukaniambia nisiwachanganye na wangu kwa kuwa wametoka Geita? Na wale ishirini na watatu waliobaki nao ni wa nyumba gani, niwaswage huko?"

Mjomba Valerian alikuwa amekwisha kusimama. Paskazia alikwenda polepole, akaushika ule mkia, akauinua, akauweka juu ya goti la mumewe, juu ya koti la Krismasi.

"Sasa umeushika," alisema.

Donatus hakuwa na usingizi tena. "Bujiku. Nakuuliza kama balozi, mara moja tu. Ng'ombe hawa ni wako?"

Mzee Bujiku alitazama ngozi. Akamtazama Mageni, akatazama watu, hakuna aliyemtupia hata neno la kujishikilia. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Basi akatikisa kichwa kwa nguvu zote, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Melania akanyoosha mkono, kiganja juu, apewe ufunguo wa sanduku.

"Ahsante, Baba," alisema. "Kule ninakosoma, hiyo maana yake ndiyo."